Kumsaka Jasusi wa Mwaka 1944

Jumatatu

Kaka yangu ameniachia wanawe wawili kwa juma zima la likizo ya Aprili. "Watembeze," aliniambia, "wasishinde wameinamia simu." Hakujua kwamba ananiletea wahariri.

Mkubwa, mvulana, ana miaka 13. Dadake ana 10. Majina yao siyaandiki humu, na wala hayahitajiki, kwa sababu kabla chai ya asubuhi haijapoa walikuwa wameshajipa majina ya kazi. Mvulana ni Keya, kama wazee walivyowaita askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. Msichana ni Askari Kanzu, yaani polisi asiyevaa sare, ingawa alitoka nyumbani na gambuti nyekundu zinazoonekana toka mtaa wa pili.

Kazi yenyewe inahusu kitabu changu. Tangu mwaka jana naandika hadithi ya fumbo kwa watoto, ya Nairobi ya mwaka 1944, vita vya pili vikiwa vimepamba moto. Kuna msichana wa Pumwani anayelelewa na bibi yake muuza mahamri. Kaka yake ameingia jeshini, kikosi cha mizinga, na anapelekwa Kilindini kupanda meli. Meli inazamishwa. Msichana anapekuapekua hadi anagundua kwamba Nairobi kulikuwa na jasusi aliyepeleka habari za meli kwa adui, naye ni fundi saa wa River Road. Meli ni ya kweli. Fundi saa nimemtunga mwenyewe. Sura tisa zimeisha, na nilitaka kuwapitisha watoto hawa katika pembe za jiji zinazotajwa kitabuni nione kama hadithi itasimama kwa miguu yake.

Tulipanda matatu ya 58 kutoka Buruburu, tukashuka tao, tukakata kwa miguu hadi Makumbusho ya Reli nyuma ya stesheni. Yalifunguliwa mwaka 1971 na bado yana harufu ya grisi na makaa. Watoto walikimbilia kwanza lile behewa ambamo Charles Ryall, afisa wa polisi, aliburutwa na simba pale Kima mwaka 1900. Alikuwa amekaa humo usiku kumvizia simba huyohuyo, usingizi ukamchukua. Keya alizunguka behewa mara mbili, akapiga mbinja. "Shangazi, huyu alikuwa mpelelezi au chambo?"

Kisha tukafika kwenye injini. Sura yangu ya kwanza inaanza na msichana amesimama kando ya reli, treni ya askari inapita kwenda Mombasa, na injini inayovuta ni ile kubwa iitwayo Mount Gelai. Niliichagua kwa sababu niliipenda tangu nikiwa mdogo: nyekundu, ndefu, kichwa na mgongo wake ni wa dude lisilokubali kupishwa. Nikawasomea aya hiyo kwa sauti, nikitamba kidogo. Kanzu alinisikiliza huku akisoma maelezo. Injini za aina hiyo, zile zenye majina ya milima, zilianza kuletwa kutoka Uingereza mwaka 1955.

"Shangazi," akasema kwa upole wa daktari wa meno, "treni yako imepita miaka kumi na moja kabla haijatengenezwa."

Nilifuta jina la injini papo hapo kwa penseli. Ndipo tukaketi kivulini, nikawapa hadithi ya vita vya kwanza, vile ambavyo wazee waliviita vya Mjerumani. Mwaka 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na kutoka huko vikundi vyao vidogo vilikuwa vikivuka nyika isiyo na maji usiku hadi kwenye njia ya reli, vinatega baruti, vinatoweka. Reli ile ndiyo iliyokuwa mshipa wa nchi. Ukikatwa, Nairobi haina chakula cha jeshi wala risasi.

"Walijuaje mahali pa kutega?" Keya akauliza.

Nikamwambia huwezi kuvuka nyika ile bila mtu anayejua kisima kiko wapi, na mtu huyo hatoki Ujerumani. Aliandika neno moja katika daftari lake, akalipigia mstari: WALIJUAJE. Nililiona lakini sikulitilia maanani.

Jumanne

Makumbusho ya Taifa. Mvua ilinyesha tangu alfajiri na nauli ikapanda kama kawaida yake, kana kwamba matatu hutumia mvua badala ya mafuta.

Watoto walitaka nyoka kwanza. Tukaenda kwa nyoka, tukamaliza. Nilichowaletea kukiona ni sanamu ya Louis Leakey, ameketi, kwa sababu watu wengi wanamjua kwa mifupa ya binadamu wa kale na hawajui kazi yake ya wakati wa vita. Alizaliwa Kabete mwaka 1903, akakua akizungumza Kikuyu na wenzake wa rika. Vita vya pili vilipoanza, serikali ya kikoloni ilimwingiza katika idara ya ujasusi hapa Nairobi. Alipanga njia za kupeleka silaha kwa Waethiopia waliokuwa wakipigana na Mtaliano. Alihoji watu, alitangaza redioni, alichunguza miandiko ya barua ili kujua nani ameandika nini. Na katikati ya hayo yote, mwaka 1941, akakabidhiwa makumbusho haya, wakati huo yakiitwa Coryndon. Ukitaka mahali pa kuficha mpelelezi, jengo lililojaa ndege waliokaushwa na vipepeo waliochomwa pini si baya.

(Jina lake halisemwi kwa sauti moja katika nchi hii, nami sikuwaficha. Mwaka 1952 alikuwa mkalimani katika kesi ya Kapenguria, ile ya Jomo Kenyatta na wenzake, upande wa utetezi ukampinga, akajiondoa. Hicho ni kitabu kingine, na si cha mtoto wa miaka kumi.)

Tulijaribu ile kazi ya miandiko. Kila mmoja aliandika sentensi ileile mara mbili, mara ya pili akijitahidi kujigeuza, kisha tukachanganya karatasi. Niligundua kwamba mtu hubadilisha herufi kubwa na mkia wa "y", lakini husahau nafasi kati ya maneno. Keya huacha uwanja wa mpira kati ya neno na neno. Kanzu hubana kama abiria wa jioni. Nimeiingiza hiyo kitabuni usiku huuhuu. Ni bora kuliko alama ya kidole niliyokuwa nayo.

Lakini kilichobaki nami ni swali la Kanzu tulipokuwa tukitoka. Nilikuwa nimesema kwamba Leakey aliutegemea mtandao wa rafiki zake wa utotoni, Wakikuyu waliompitishia habari na kumfanyia kazi za siri. Akageuka kuitazama sanamu.

"Na hao rafiki zake, sanamu zao ziko wapi?"

Nilimwambia twende tukatafute chipsi.

Jumatano

Hatukutoka. Maji yamefunika barabara hadi pale kwenye steji, na jirani aliyejaribu kwenda kazini alirudi ameshika viatu mkononi. Kwa hiyo leo tumesafiri kwa meza ya kulia.

Asubuhi ilikuwa ya ndimu. Unakamua ndimu, unachovya kijiti, unaandika, karatasi inakauka na kuwa tupu kabisa. Ukiipitishia pasi ya moto, maandishi yanachomoza rangi ya kahawia, kwa kuwa maji ya ndimu huungua upesi kuliko karatasi. Niliwaambia kuhusu Carl Muller, jasusi wa Ujerumani aliyekamatwa Uingereza katika vita vya kwanza. Walimkuta na ndimu na kalamu yenye mabaki ya maji yake. Alipigwa risasi katika ngome ya London mwezi Juni 1915. Keya aliitazama ndimu iliyokuwa kwenye sahani, akaisogeza mbali kidogo na yeye.

Baada ya chai ya saa nne nikatoa silaha yangu kubwa. Katika sura ya nne, msichana anaokota karatasi karibu na duka la fundi saa. Nimeiandika kwa msimbo ule wa kale wa kusogeza herufi, ambao unasemekana Julius Caesar aliutumia. Inahitaji sura tatu nzima kufumbuliwa, na mzee mmoja mwenye busara anamsaidia msichana. Nikaiandika katika karatasi, nikaiweka mezani:

PHOL LQDRQGRND NHVKR DOIDMLUL

Nikaenda jikoni kupika maharagwe. Sikufika mbali. Sufuria lilikuwa halijachemka nikasikia kelele.

Aliyelifumbua ni Kanzu. Nilimtaka anieleze pole pole, na maelezo yake nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu hayajawahi kunipitia kichwani miaka yote hii ya kushughulika na lugha. Alianza mwishoni. Maneno manne, yanaishia na herufi L, D, R, na tena L. "Lakini Kiswahili kila neno linaishia na a, e, i, o, u," akasema. "Kwa hivyo hizo lazima ni irabu." Akahesabu kwa vidole. Kutoka D hadi L ni hatua nane. Kutoka A hadi I pia ni hatua nane. Kutoka L hadi R ni sita, na kutoka I hadi O ni sita. Basi D ni A, L ni I, R ni O. Kila kitu kimesogezwa hatua tatu. Meli inaondoka kesho alfajiri.

Nilijaribu kumtetea mzee wangu mwenye busara. Nikasema kuna maneno kama "maalum". Keya akanijibu kwamba jasusi mwenye haraka hasemi "maalum".

Tukachukua gazeti la Taifa Leo la juzi tukahesabu herufi za mistari michache. Karibu herufi moja katika kila tano ilikuwa A. Hakuna pa kujificha. Kiswahili kikivaa kanzu ya msimbo, miguu inabaki nje: irabu kila mwisho wa neno, A kila mahali, hakuna Q, hakuna X. Fundi saa wangu angekamatwa na mtoto wa darasa la nne.

Kwa kujifariji niliwapa kisa cha kweli cha Mombasa, na hapo walitulia. Mwaka 1942 Japani iliposhambulia Colombo, wataalamu wa Uingereza waliokuwa wakisikiliza redio za Wajapani na kuvunja misimbo yao walihamishiwa Kilindini. Walipewa jengo la shule ya Allidina Visram, ileile ambayo babu yao hupita mbele yake akienda msikitini. Humo madarasani walivunja msimbo ulioitwa JN-40, uliotumiwa na meli za mizigo za Japani. Mlango ulifunguliwa na uzembe mdogo: mtu mmoja wa upande wa Japani alituma taarifa ya meli, akagundua amesahau kitu, akaituma tena pamoja na nyongeza kwa ufunguo uleule. Ukiwa na nakala mbili za kitu kimoja, unaziweka sambamba, na tofauti inakusimulia iliyobaki. Mwaka 1943 wataalamu hao walirudishwa Colombo.

"Kwa hivyo siri kubwa haikuwa Nairobi," Keya alisema. "Ilikuwa shule ya Mombasa. Na sisi ndio tulikuwa tunasikiliza, si wao."

Mchana nilijaribu njia ya pili. Kaka wa msichana anaandika barua kutoka kambini kwa kinyume, ile lugha ya watoto wa pwani ya kuhamisha silabi ya mwisho mbele. Nyumba inakuwa mbanyu, habari inakuwa rihaba. Bibi yangu alikuwa akituteta kwa kinyume mbele ya wageni. Nilidhani watoto wa Nairobi hawataijua.

"Si ndiyo vile 'stori' imekuwa 'risto'?" Kanzu aliuliza, na walisoma barua nzima bila kalamu.

Halafu Keya akaja na lile ambalo lilinilaza macho. Barua za askari zilipitia kwa mkaguzi, anayefungua, anasoma, anakata kwa mkasi, anafunga tena kwa utepe wa karatasi. Nilikuwa nimewaeleza hayo mimi mwenyewe. "Sasa mkaguzi akiona 'mbanyu', si atamkamata kaka?" Kweli. Barua yenye fumbo linaloonekana ni fumbo ni hati ya mashtaka. Nikawauliza wao wangefanyaje. Kanzu hakufikiri hata nusu dakika.

"Mimi ningekubaliana na watu wa nyumbani kabla sijaenda. Nikipelekwa kwa gari naandika nisalimieni mbuzi. Nikipelekwa kwa meli naandika nisalimieni samaki. Mkaguzi anajua tu nimekosa akili."

Sura tatu za kufumbua msimbo nimezifuta. Mzee mwenye busara amekwenda nazo.

Alhamisi

Jua limetoka. Tumetembea mno leo na gambuti zimemchubua mwenye gambuti.

Kwanza Kenyatta Avenue, sanamu ya Askari, ya mwaka 1928. Wanaume watatu wa shaba, na mmoja wao ni mpagazi. Watu hupita hapo kila siku wakikimbilia benki. Nami nimepita miaka ishirini bila kuwasomea watoto wowote maneno yake. Yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na chanzo chake ni Rudyard Kipling. Yanawasifu wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba mtu akifa akipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake.

Kanzu alizunguka jiwe. Akarudi. Akazunguka tena kinyume cha mwendo wa saa, kana kwamba upande wa pili ungekuwa na kitu zaidi.

"Wanasema jina litakumbukwa. Lakini jina lenyewe hawajaliandika."

Kutoka hapo hadi Kariokor kwa miguu si mbali, ukipita Globe. Watoto walijua Kariokor ni soko, mahali pa viondo, akala na nyama choma. Hawakujua kwamba jina ni Kiingereza kilichopikwa upya na ndimi za watu: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya Mjerumani, kama Kariakoo ya Dar es Salaam. Zaidi ya wanaume laki nne waliandikishwa, wengi kwa nguvu, kubeba unga, risasi na majeruhi mahali ambapo mbung'o walikwisha kuua ng'ombe na farasi. Magonjwa na njaa viliwamaliza kuliko risasi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na huenda idadi ikafika 350,000.

Tulikula mbavu za mbuzi na ugali, tukimsikiliza mama wa meza ya jirani akipatana bei ya kiondo kwa ustadi ambao idara yoyote ya ujasusi ingeuonea wivu. Kanzu aliniuliza kama Kariokor ndiyo sanamu ya wale ambao hawana sanamu. Nilikuwa na mfupa mdomoni, nikatikisa kichwa tu, na hata sasa sijui kama nilimaanisha ndiyo.

Jumba la Nyaraka za Taifa tulilipitia haraka. Zamani lilikuwa la Bank of India. Tuliishia chini, kwenye vinyago na vitambaa vya Joseph Murumbi, mguu wa Kanzu ukakataa ngazi. Mhudumu mmoja alimpa plasta bila kuulizwa.

Ijumaa

Kanzu alikwenda kwa jirani kusukwa nywele. Hapo ndipo Keya alipokuja na simu mkononi, akafunga mlango wa jikoni. Nilijua amefika wapi.

Meli iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini katika msafara wa meli kwenda Colombo, imebeba zaidi ya watu 1,500. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga ya Afrika Mashariki. Kulikuwa na wauguzi wanawake pia. Tarehe 12 Februari 1944, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, wengi walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa karibu watu 1,300, wanawake 77 miongoni mwao.

Hayo alikuwa ameyajua, yamo katika sura yangu ya saba. Lililomfungisha mlango ni la baada yake, ambalo nililijua na sikuliandika. Nyambizi ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari za Uingereza, Petard na Paladin, zilikuwa na uamuzi wa kufanya: zikiiacha, itawapiga wengine. Mabomu ya kina yalitupwa pale pale, watu wakiwa majini. Nyambizi ilizamishwa hatimaye, baada ya mapambano marefu. Waliookolewa walizidi mia mbili kidogo tu.

"Uliijua?"

"Niliijua."

"Mbona hukuiandika?"

Nikasema kwa sababu ni kitabu cha watoto. Akanitazama, mtoto, amesimama katikati ya jiko langu akiwa ameshaisoma. Tukakubaliana kwamba dadake hataambiwa leo, na kwamba hatutasema uongo akiuliza.

Kisha akafungua daftari kwenye lile neno la Jumatatu. WALIJUAJE. Alikuwa ameandika chini yake, siku baada ya siku, kila jibu nililowapa. Nyambizi zilikuwa zikivizia njia za meli kati ya Afrika na Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Msafara wa meli tano zinazobeba watu na manowari zake hauhitaji kusalitiwa ili uonekane baharini mchana. "Fundi saa hana kazi, Shangazi. Hakuna anayemhitaji."

Niliosha vyombo vilivyokuwa visafi. Tatizo halikuwa fundi saa kukosa kazi tu. Nilikuwa nimempa lafudhi ya mgeni, miwani minene na mlango wa nyuma, na nilikuwa nimewapangia wasomaji wangu wamchukie kufikia ukurasa wa arobaini. Vita vilipoanza Wajerumani na Wataliano waliokuwa wakiishi Kenya walikusanywa wakatiwa kambini, wabaya na wema pamoja, majirani walitazama. Mimi, miaka themanini baadaye, nilikuwa nikimkusanya fundi saa kwa sababu hadithi ilihitaji mtu wa kukamata.

Amefutwa. Sasa sina jasusi, na zimebaki sura mbili na nusu.

Jumamosi

Matatu ya 111, Barabara ya Ngong, hadi makaburi ya vita karibu na uwanja wa mbio za farasi. Watu hupita pale wakienda Karen wakidhani ni bustani ya mtu tajiri. Nyasi zimekatwa vizuri kuliko uwanja wowote wa mpira nchini. Makaburi haya yalianzishwa mwaka 1941, na safu za mawe meupe zimenyooka hadi unahisi mtu amezipanga kwa uzi.

Ndani yake kuna ukumbusho wa Afrika Mashariki, wa wale wasio na kaburi. Wa 301 wako hapo. Hawa wana majina.

Nilikuwa nimejitayarisha kueleza mambo mengi na sikueleza hata moja. Keya alisimama mbali kidogo, mikono mfukoni. Kanzu alianza kusoma kwa sauti ndogo, jina baada ya jina. Majina ya hapa, ya watu unaoweza kuwakuta kwenye foleni ya Huduma Centre: ya ziwani, ya mlimani, ya pwani, ya Uganda na Tanganyika. Alikwama kwa baadhi yake akayarudia mpaka yakamtoka sawasawa, kama mwalimu mpya anavyosoma rejista siku ya kwanza. Alipofika pale alipochoka aliniuliza kama watu wa nyumbani kwao waliambiwa meli inakwenda wapi.

"Hapana. Safari za meli zilikuwa siri."

"Kwa hivyo mtu wa kutafuta si jasusi," akasema. "Ni kaka. Yule msichana anajua tu barua zimeacha kuja. Hajui hata ni bahari gani."

Keya akageuka. Sikuhitaji kumtazama kujua kwamba sura mbili na nusu zilizobaki zilikuwa zimepata mwenyewe.

Mtunzaji wa makaburi alitufikia na kuuliza kama tunamtafuta jamaa. Kanzu akasema ndiyo. Mzee hakuuliza jina. Alituonyesha mahali pa kunawa mikono na akatuacha.

Kwenye matatu ya kurudi, foleni ya Adams ilituketisha karibu saa nzima. Kanzu alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka kwenye begi lake, akanipa. "Hii ni barua ya mwisho ya kaka. Iweke mwisho wa kitabu." Nikaikunjua. Ilikuwa tupu. Ilinukia ndimu.

Kaka yangu alikuja kuwachukua magharibi. Gambuti zimesahauliwa mlangoni. Stima ilikuwa imepotea tangu saa kumi na mbili, nikakaa gizani na karatasi tupu mapajani. Iliporudi saa nne usiku niliwasha pasi, nikaweka kitambaa, nikapitisha polepole. Maneno mawili yalichomoza, ya kahawia, herufi zimebanana kama abiria wa jioni:

Ninisalimie kisama.